Hati ya Helsinki: Karatasi Waliyoidharau Waliotia Saini

Juma la mwisho la Julai 1975 wakuu wa nchi walikuwa wamekusanyika katika miji miwili iliyo mbali sana. Hapa kwetu Kampala walikutana viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Idi Amin akakabidhiwa uenyekiti. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, walikutana viongozi wa nchi 35: karibu Ulaya yote, pamoja na Marekani na Kanada. Albania ilisusa. Mikutano yote miwili ilimalizika tarehe 1 Agosti. Ule wa Kampala husimuliwa sana nchini Uganda, hasa kwa vituko vyake. Ule wa Helsinki hausimuliwi kabisa, nami nimechagua kuandika juu ya huo. Sababu yangu ya kwanza inachekesha kidogo: lugha yetu ilitajwa humo.

Aliyeitaja ni Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Wajumbe wa Ulaya Magharibi walikuwa wakivutana na Warusi juu ya vifungu vya haki za binadamu, neno kwa neno, miezi na miezi, naye akachoshwa. Akasema kwamba hata wakiviandika kwa Kiswahili, yeye hajali. Kwake ilikuwa njia ya kusema kwamba ni maneno matupu. Nilipoyasoma nilicheka, kisha nikaudhika, kisha nikataka kujua ni maneno gani hayo yaliyofananishwa na lugha ninayoisomea. (Hati yenyewe iliandikwa kwa lugha sita: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kirusi na Kihispania.)

Warusi ndio waliokuwa na hamu ya mkutano. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaachia mamlaka juu ya nusu ya Ulaya, lakini hapakuwa na mkataba wa amani uliothibitisha mipaka mipya, na Ujerumani ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Leonid Brezhnev alitaka nchi za Magharibi zikiri kwa maandishi kwamba yaliyopita yamepita. Nchi za Magharibi zilikubali kuzungumza, ila zikataka na mambo ya watu yawekwe mezani: ndugu waliotenganishwa na mipaka waruhusiwe kuonana, habari zipite, watu waoane na wasafiri.

Maandalizi yalianza Novemba 1972 karibu na Helsinki, kisha wajumbe wakahamia Geneva kuanzia Septemba 1973 hadi Julai 1975. Hapakupigwa kura, kila jambo lilihitaji ridhaa ya wote. Hapo ndipo napenda kisa cha Malta. Kisiwa hicho chenye watu wapatao laki tatu kilitaka usalama wa Bahari ya Mediterania utajwe, na waziri mkuu wake, Dom Mintoff, akakataa kulegea mpaka atimiziwe. Mabwana wakubwa wenye makombora ya nyuklia wakakaa wakimngoja. Sijui mkutano mwingine wa enzi ile ambao mdogo alipewa kiti cha namna hiyo.

Mambo yaligawanywa katika mafungu waliyoyaita vikapu. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha usalama, cha pili cha uchumi, sayansi na mazingira, cha tatu cha mambo ya kibinadamu. Ndani ya kikapu cha kwanza mlikuwa na kanuni kumi. Kanuni ya tatu ilisema mipaka isivunjwe, na hiyo ndiyo Brezhnev aliyoifuata. Kanuni ya sita ilikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Kanuni ya saba iliahidi kuheshimu haki za binadamu, uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Baadhi ya wakubwa wa Moscow waliitilia shaka hiyo ya saba, lakini waziri wao Andrei Gromyko aliwatuliza kwamba nyumbani kwao wenye amri ni wao wenyewe. Hati hiyo haikuwa mkataba wa kisheria. Hakuna mahakama ambayo ingeweza kumwita aliyeivunja. Huko Marekani nako Rais Gerald Ford alisutwa kwa kwenda kuitia saini, akaambiwa amewauza watu wa Ulaya Mashariki. Kwa hiyo pande zote mbili ziliona kwamba kifungu cha saba hakina uzito, tofauti ni kwamba upande mmoja ulifurahi na mwingine ukanung'unika.

Kosa la Warusi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuichapisha. Kwa fahari ya ushindi, magazeti yao makubwa, Pravda na Izvestia, yaliitoa hati nzima, na raia wakaisoma. Tarehe 12 Mei 1976 mwanafizikia Yuri Orlov alitangaza Moscow, katika nyumba ya Andrei Sakharov, kuundwa kwa kikundi cha kufuatilia utekelezaji wake. Hawakuomba mapinduzi. Walikusanya malalamiko ya wafungwa, ya waumini walioteswa na ya watu walionyimwa ruhusa ya kuhama, wakayapiga taipu na kuyapeleka kwa serikali zilizotia saini, yao wenyewe ikiwemo. Vikundi vya namna hiyo vikaanzishwa Ukraine, Lithuania, Georgia na Armenia. Januari 1977, Chekoslovakia, watu zaidi ya 200 wakaweka majina yao kwenye waraka ulioitwa Mkataba wa 77, akiwemo mwandishi wa tamthilia Václav Havel.

Waliadhibiwa vikali. Orlov alikamatwa Februari 1977, akahukumiwa miaka saba ya kambi ya kazi ngumu na mitano ya uhamisho. Mwanafalsafa Jan Patočka, msemaji wa Mkataba wa 77, alifariki Machi mwaka huohuo baada ya mahojiano marefu ya polisi. Kufikia Septemba 1982 kikundi cha Moscow kilijivunja, maana karibu wote walikuwa gerezani au uhamishoni. Wapo wanaoandika kana kwamba hati ya Helsinki ndiyo iliyoubomoa ukuta wa Berlin. Mimi siwafuati. Uchumi uliodorora, wafanyakazi wa Poland na maamuzi ya Gorbachev yana sehemu kubwa zaidi. Lakini hati iliagiza vikao vya kuifuatilia, na katika vikao hivyo, Belgrade, kisha Madrid, kisha Vienna, majina ya wafungwa yalitajwa mbele ya mabalozi wa nchi iliyowafunga. Jibu la "hayo ni mambo yetu ya ndani" halikutosha tena, kwa sababu saini ilikuwepo.

Ninarudi Kampala kwa ajili ya tofauti hiyo. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya 1963 ililitaja Azimio la Dunia la Haki za Binadamu kwa heshima tu. Kifungu kilichotumika kila siku kilikuwa cha kutoingiliana. Tanzania ilisusa mkutano wa 1975 ikisema kwamba kukutana kwa Amin ni kuupa heshima utawala wa mauaji, na wengi waliiona imekiuka adabu. Februari 1977, mwezi uleule aliokamatwa Orlov, maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Hapakuwa na kikao chochote cha Afrika ambacho wajumbe wangelazimika kusikiliza jina lake likisomwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, ukaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986.