Viti vya magari: uzito ukipungua, nguvu isipungue

Wadi Kabir ni eneo la viwanda na gereji mjini Muscat, nchini Oman. Huko huuzwa vipuri, hunyooshwa bodi za magari, na mafundi wa viti huvua vitambaa vilivyochakaa na kushona vipya. Miongoni mwa wakazi wa Muscat wanaohitaji huduma hizo wamo Waomani wanaozungumza Kiswahili, ambao familia zao zilitoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Wengi walihamia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Kiti cha gari kikivuliwa kitambaa na sponji, hubaki mifupa yake, yaani fremu ya metali. Mwenye gari huenda asiione maisha yake yote, lakini ndiyo itakayombeba siku ya ajali. Makala haya yanaeleza jinsi fremu hiyo inavyobuniwa na kutengenezwa, kwa nini viwanda vinataka iwe nyepesi, na ni hatari gani zinazoambatana na matengenezo yake.

Sababu za kutafuta wepesi

Gari zito hutumia mafuta mengi zaidi, na gari la umeme likiwa zito, umbali linaokwenda kabla ya kuchajiwa hupungua. Kwa kuwa gari moja huwa na viti kadhaa, kila kilo inayopunguzwa katika kiti kimoja huongezeka mara kadhaa.

Sababu ya pili ni usalama. Gari linaposimama ghafla kwa kugonga, kila kilichomo hutaka kuendelea na mwendo, na kiti chenyewe kimo. Kanuni ya 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kufungia mikanda ya usalama, huzingatia jambo hilo. Ikiwa mkanda umefungwa kwenye kiti cha gari dogo la abiria, jaribio huongeza mzigo ulio sawa na mara 20 ya uzito wa kiti. Kiti cha kilo 25 huongeza mzigo wa kilo 500, na cha kilo 15 huongeza kilo 300. Kwa hiyo kiti chepesi huzipunguzia kazi bolti na sakafu ya gari.

Umbo kabla ya metali

Mbunifu huanza kwa kuchagua umbo. Tuchukue nondo nene ya milimita 20 isiyo na uwazi ndani. Chuma hichohicho, bila kuongeza hata gramu, kikifanywa bomba la kipenyo cha milimita 40, ukuta wake utakuwa na unene usiofika milimita 3. Bomba hilo litastahimili kupinda mara 7 zaidi ya nondo, kwa sababu chuma kilichoko mbali na kitovu ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Hata hivyo wepesi wa namna hiyo una mpaka. Ukuta ukizidi kuwa mwembamba, bomba halipindi polepole bali hukunjamana ghafla kama kopo tupu. Ndiyo maana fremu za viwandani huwekewa mikunjo, matuta na matundu yenye kingo zilizogeuzwa, ili bati jembamba lipate ugumu.

Metali zinazotumika

Metali inayotumika zaidi ni chuma chenye nguvu ya juu, ambacho huruhusu bati kuwa jembamba kuliko la chuma cha kawaida. Aluminiamu ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na magnesiamu haifiki hata robo. Lakini ugumu wa metali hizo dhidi ya kupinda nao ni mdogo: wa aluminiamu ni theluthi moja ya ule wa chuma, na wa magnesiamu ni mdogo zaidi. Haitoshi basi kunakili fremu ya chuma kwa aluminiamu. Lazima umbo lipanuliwe.

Mfano unaojulikana ni gari la Mercedes-Benz SL la mwaka 1989. Fremu za viti vyake zilisubiwa kwa magnesiamu, na mkanda wa usalama ukafungwa kwenye kiti chenyewe.

Katika miji ya pwani kama Muscat, Mombasa na Zanzibar, kuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari. Magnesiamu au aluminiamu ikigusana na bolti ya chuma mahali penye unyevunyevu wa chumvi, huliwa haraka. Kwa hiyo huhitajika rangi ya kinga na vitenganishi baina ya metali hizo.

Majaribio

Kanuni ya 17 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 1970, inahusu nguvu za viti. Mgongo wa kiti husukumwa nyuma kwa nguvu ya kugeuza ya nyutoni-mita 530, ambayo ni sawa na kutundika kilo 90 hivi umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye kiungo chake. Viti vya nyuma hupimwa pia kwa vipande viwili vya kilo 18 kila kimoja, vinavyowakilisha mizigo ya buti inayorushwa mbele gari linapogonga.

Mahali pa hatari

Fremu iliyopita majaribio hayo inaweza kuharibiwa kwa dakika chache. Nguvu ya chuma cha kisasa na ya aluminiamu nyingi hutokana na jinsi zilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea hulegeza sehemu iliyo kando ya kiungo, hata kama kwa macho kazi inaonekana safi. Fremu iliyopinda au kupasuka katika ajali hubadilishwa kwa nyingine iliyo nzima. Hainyooshwi wala kuchomelewa.

Fundi wa vitambaa naye ana jambo la kuangalia. Magari mengi yana mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti, na kitambaa kipya kisichokuwa na mshono maalumu wa kupasukia huuzuia kufunguka.

Nchini Kenya suala hili liligusa matatu. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003, zinazojulikana kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004 na kulazimisha kila abiria awe na mkanda. Oman nayo iliwataka abiria wote, hata wa viti vya nyuma, kufunga mikanda kuanzia mwaka 2018.

Lakini mkanda hauna nguvu kuliko mahali ulipofungwa. Ukifungwa kwenye fremu ya mabomba membamba isiyopimwa, iliyoshikizwa kwa bolti mbili kwenye bati la sakafu, kiti na abiria huweza kung'oka pamoja. Kwa anayenunua gari lililotumika au kuagiza viti vya basi dogo, maswali ya kuuliza ni machache: je, fremu imewahi kuchomelewa? Ina kutu kwenye reli? Na bolti zimeshika wapi? Kitambaa kizuri hakijibu hata moja kati ya hayo.