Majilio: Historia ya Kungoja Kwetu

Katika kitabu hiki cha jubilei tunahesabu miaka ya parokia yetu kuanzia Januari mpaka Desemba. Kanisa halihesabu vile. Mwaka wake huanza siku ya Dominika ya kwanza ya Majilio, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati sisi tunapofikiri kwamba mwaka umekwisha. Basi tumeona inafaa kuandika humu historia ya majuma yale manne, maana ndiyo yanayosahauliwa upesi kupita mengine yote.

Seminarini tulifundishwa kwamba neno la Kilatini adventus maana yake ni ujio, na kwamba Warumi wa zamani walilitumia kwa habari ya mfalme anayeingia mjini kwa heshima. Mambo hayo si mageni kwetu. Baba Askofu anapokuja kutoa Kipaimara, salongo inafanywa juma zima: majani yanakatwa kandokando ya barabara, mashimo yanafukiwa, uwanja wa kanisa unafagiwa. Hakuna anayengoja gari lionekane ndipo aanze kutafuta jembe.

Desturi hii haikuanzia Roma. Katika mwaka 380, mtaguso wa Zaragoza, huko Hispania, uliwaagiza waamini wasikose kanisani tangu tarehe 17 Desemba mpaka Epifania. Katika nchi inayoitwa leo Ufaransa, mtaguso wa Mâcon wa mwaka 581 uliamuru watu wafunge siku ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, mpaka Noeli. Ilikuwa kama Kwaresima ya pili. Roma ilifupisha, mapokeo yanamtaja Papa Gregori Mkuu (590–604) kuwa ndiye aliyeweka Dominika nne, lakini Milano wameshika sita mpaka leo. Pole pole mfungo ulilegea. Kwa maoni yetu, mfungo ulipoondoka, wengi waliacha pia sababu yake.

Kwetu Majilio yaliletwa na wamisionari. Wamisionari wa Afrika walipofika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, katika mwaka 1885, walishika agizo la Kardinali Lavigerie: anayetaka ubatizo ajitayarishe miaka 4. Babu zetu walijifunza kungoja kabla ya kujifunza kusherehekea. Sisi makatekista wa leo, tunaosumbuliwa na wazazi wakitaka mtoto abatizwe juma lijalo, tunalikumbuka agizo lile kwa hamu kidogo.

Kalenda mpya ya Papa Paulo VI, ya mwaka 1969, inaonyesha wazi kwamba Majilio yana sehemu mbili. Mpaka tarehe 16 Desemba, Kanisa linatazama hasa ujio wa pili, siku Bwana atakaporudi katika utukufu. Tangu tarehe 17 linaelekea Betlehemu. Wakristu wengi wanaijua sehemu ya pili tu. Lakini nchi yetu ina shahidi wa ile ya kwanza.

Dominika ya kwanza ya Majilio ya mwaka 1964 iliangukia tarehe 29 Novemba. Injili iliyowekwa kwa Dominika ile katika Misale ya zamani ilikuwa ya Mtakatifu Luka, sura ya 21, inayosimulia ishara za jua na mwezi na hofu ya mataifa. Siku ile ile waasi Simba walifika Bafwabaka, wakawapandisha masista wa Jamaa Takatifu katika lori. Mmoja wao alikuwa Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mwalimu na mtunza sakristia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, kolonedi mmoja alimtaka kwa nguvu. Alikataa, akamsamehe, akauawa. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Majilio yake ya mwisho hayakufika hata juma moja, na bado taa yake ilikutwa inawaka.

Baada ya miaka 10 likaja jaribu lingine, lisilo na damu. Majina ya kikristu yalikuwa yamekatazwa tangu 1972. Katika mwaka 1974 serikali ya Mobutu ikaondoa Noeli katika orodha ya siku za mapumziko, hata tarehe 25 Desemba ya mwaka ule, iliyokuwa Jumatano, ikawa siku ya kazi. Hapo sikukuu iliguswa. Majilio hayakuguswa, maana hayajawahi kuwa siku ya mapumziko: mtu huyashika akiwa shambani, ofisini, sokoni.

Leo hakuna askari anayetuzuia. Tangu mwanzo wa Desemba nyumbani tunazungumza bei ya mbuzi, viatu vya watoto, kitambaa cha mama na kreti za bia. Kisha jioni ya tarehe 24 watu wanajipanga mbele ya kiti cha ungamo mpaka nje ya mlango, padri ni mmoja, na nyimbo za Noeli zimekwisha kuanza. Tumeiona hali hiyo mwaka hata mwaka, na sisi wenyewe tumewahi kusimama katika mstari ule, nyuma kabisa. Kwa hiyo katika mwaka huu wa jubilei kila shirika litapewa jioni yake ya ungamo, kuanzia juma la kwanza la Majilio. Viongozi wa mashirika watatangaza zamu zao baada ya Misa.