Kushinda: Kitenzi Kimoja na Miaka Minne ya Riadha Yetu

Kitenzi "kushinda" kina maana mbili ambazo wanafunzi wangu wengi walidhani hazina undugu. Anayemzidi mwenzake ameshinda; na anayekaa mahali tangu asubuhi hadi jioni ameshinda pia. Ndiyo maana jioni twaulizana, "Umeshindaje?", na mtu asiyeonja chakula mchana kutwa twasema ameshinda na njaa. Darasani nilizoea kuzifafanua maana hizo kwa historia ya riadha ya Tanzania, na hapa nataja miaka minne tu.

Wa kwanza ni 1968. Tarehe 20 Oktoba, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki jijini Mexico City, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alianguka njiani, akaumia goti. Walioanza mbio walikuwa 75. Waliozimaliza walikuwa 57, naye ndiye wa mwisho wao. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kujipatia dhahabu zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, giza limetanda, watazamaji wengi wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio tu, ilimtuma azimalize. Huyo alishinda kwa maana ya pili ya kitenzi chetu.

Mwaka wa pili ni 1974. Tarehe 2 Februari, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi wa masafa hayo hujificha nyuma ya wenzao, wakangoja mzunguko wa mwisho. Bayi alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu 1967. John Walker, mwenyeji wake, alikuwa wa pili, na Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Mwaka uliofuata Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili, ambayo Walker aliivunja miezi michache baadaye.

Basi dunia nzima ikaungojea mwaka 1976, wawili hao wakutane Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi. Nchi za Afrika zilidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Zilipokataliwa, zaidi ya ishirini zilisusia, Tanzania ikiwamo. Walker alipata dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi mbele yake.

Mwanariadha huwa na miaka michache tu ya nguvu kamili, na mmoja wa miaka ya Bayi ulitolewa kwa ajili ya watu asiowajua. Siku ile Tanzania haikumshinda mtu yeyote kwa maana ya kwanza. Ilishinda na njaa. Mimi naona kususia kule kulikuwa haki, na naona pia kwamba deni letu kwa kijana yule halijalipwa kwa maneno ya kutosha.

Mwaka wa nne ni 1980, Moscow. Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki kwa Tanzania, na hadi Michezo ya Paris ya 2024 zilikuwa bado za pekee.

Malenga wetu wamewatungia mashujaa wengi waliomwaga damu. Nawaomba sasa mwaka 1976 wautungie utenzi, nao wauchague wenyewe urari na vina. Kitenzi cha kuanzia wanacho.