Amri ya Serikali, Mabweni ya Masista

Mwaka 1890 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitoa amri iliyosomeka kama wema mtupu: watoto waliookolewa kwenye misafara ya watumwa, pamoja na yatima na waliotelekezwa, wangekuwa chini ya ulezi wa dola yake ya Kongo. Biashara ile ya watumwa, ambayo watu wa pwani yetu walikuwa na mkono ndani yake, ilimpa mfalme kisingizio kizuri. Miaka miwili baadaye misheni nazo zikaruhusiwa kuwapokea watoto hao.

Ulezi huo haukuishia kwa yatima. Katika karne ya 20 uliwafikia machotara, watoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu, ambao wengi wao walikuwa na mama aliyewapenda na ukoo uliowalea. Utawala wa Kibelgiji, uliojengwa juu ya ubaguzi wa rangi, uliwaona ni hatari, kwa kuwa kuwapo kwao tu kuliumbua mpaka wake. Basi wakasakwa Kongo, Rwanda na Burundi. Save, nchini Rwanda, palikuwa na taasisi yao, na uhuru ulipokaribia wengi walisafirishwa hadi Ubelgiji na kugawiwa kwa familia za walezi.

Katende, huko Kasai, ndiko walikopelekwa wasichana watano ambao baadaye wangeishtaki serikali. Walichukuliwa kabla ya kutimiza miaka saba. Wamesimulia jinsi familia zao zilivyotishwa na maofisa, jinsi misheni ilivyowahesabu kuwa watoto wa dhambi, na jinsi masista walivyohamishwa wakati wa machafuko baada ya uhuru, wao wakaachwa mikononi mwa wapiganaji waliowatenda unyama. Hapo hakuna mzazi aliyetelekeza mtoto. Aliyetelekeza ni mlezi aliyejiteua.

Kanisa Katoliki la Ubelgiji liliomba radhi mwaka 2017. Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel naye akaomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Maneno yalikuwa mazuri, lakini fidia haikuwamo. Wanawake wale walipokwenda mahakamani, serikali iliyoomba radhi jana ikajitetea kwamba muda wa kudai umepita. Mwaka 2021 mahakama ya mwanzo iliwakatalia, ikisema kwamba kwa wakati ule sera hiyo haikuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilitengua uamuzi huo. Ilisema kulikuwa na mpango wa serikali wa kuwatafuta na kuwateka watoto hao kwa sababu ya asili yao tu, na kwamba uhalifu wa aina hiyo, uliotambuliwa kimataifa tangu kesi za Nuremberg, haufutwi na miaka. Kila mmoja akaamriwa alipwe euro 50,000. Uzito wa hukumu, kwa maoni yangu, hauko kwenye fedha hizo: ni kwamba dola haikuweza tena kujificha nyuma ya shela za masista. Masista walishika funguo za mabweni, lakini amri ya kuwakamata watoto ilitoka ofisi za serikali.

Hata hivyo, kesi iliwahusu wanawake watano, na waliochukuliwa walikuwa maelfu. Bunge la Ubelgiji litunge sheria ya fidia kwa wote, wahusika wangali hai, badala ya kumlazimisha kila bibi kizee kutafuta wakili wake.