Satelaiti ya Ngomeni iliyopima viini vya galaksi

Kila tarehe 12 Desemba Wakenya husherehekea Jamhuri, na magwaride hujaa runinga zetu hadi huku Burundi. Siku hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine ambayo hupita kimya. Mwaka 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba satelaiti ya kilo 140 hivi iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei.

Sisi wa Gitega na Muyinga tuna haki ya kuijali habari hii. Ngomeni iko karibu digrii tatu kusini ya ikweta. Muyinga iko hapohapo, na Gitega imeshuka kidogo tu. Uhuru iliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, na kila mzunguko uliipitisha kwenye ukanda wetu wa ikweta.

Viini vya galaksi ambavyo Uhuru ilivipima vilikuwa na historia yake. Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert alieleza galaksi sita zenye viini vikali, ambavyo nuru yake ilionyesha gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba 3C 273, kitu kilichoonekana kama nyota ya kawaida, kiko mbali mno nje ya galaksi yetu. Vitu vya namna hiyo huitwa kwaza (quasar). Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell alipendekeza kwamba katikati ya galaksi kama hizo kuna shimo jeusi kubwa linalomeza gesi. Wengi walisita kukubali.

Eksirei ndizo zingeweza kutoa ushahidi, lakini hewa ya dunia huzizuia. Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyefanya kazi Marekani, na wenzake walipata dalili za kwanza za eksirei kutoka nje ya mfumo wa Jua mwezi Juni 1962, wiki mbili kabla Burundi haijapata uhuru wake. Roketi yao ilikaa juu ya hewa dakika chache, kisha ikaanguka. Ilibidi kipatikane chombo cha kubaki angani.

Hapo ndipo Ngomeni ilipoingia. Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha majukwaa mawili baharini, San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Roketi inayorushwa mashariki karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia, nayo Scout ilikuwa roketi ndogo iliyohitaji msaada huo. Zaidi ya hapo, njia ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia, ambayo ingevuruga vipimo. Kwa hiyo Wamarekani walivuka bahari. Mradi uliongozwa na mhandisi Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeichagulia satelaiti jina kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya Marekani kurushwa na wataalamu wa nchi nyingine.

Ndani yake mlikuwa na vipokezi viwili vilivyopeana mgongo. Satelaiti ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, na vipokezi vikafagia anga ukanda kwa ukanda. Giacconi, katika mhadhara wake wa Nobel wa mwaka 2002, anasisitiza zaidi nyota pacha kama Cen X-3. Nadhani ana haki. Zilionyesha wazi kwamba gesi inayoangukia kitu kizito na kidogo hutoa, kwa kila gramu, nishati nyingi kuliko kiini cha Jua kinavyoweza. Hesabu hiyohiyo, ikikuzwa kwa mamilioni, ndiyo inayoeleza viini vya galaksi. Na galaksi zenyewe zilionekana: NGC 4151 kutoka orodha ya Seyfert, Centaurus A, na 3C 273. Orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339. Satelaiti ya Waingereza Ariel 5, iliyoruka kutoka Ngomeni hiyohiyo mwaka 1974, ndiyo iliyothibitisha kwamba kutoa eksirei ni tabia ya kundi zima la Seyfert.

Miaka hiyohiyo ukaja ubishi wa namna ya kuzipanga galaksi hizi. Mwaka 1974 wanaastronomia Khachikian na Weedman walizigawa galaksi za Seyfert aina mbili: ya kwanza ina mistari mipana ya nuru, ishara ya gesi yenye kasi kubwa, na ya pili haina. Mwaka huohuo Bernard Fanaroff wa Afrika Kusini na Julia Riley waligawa galaksi zinazotoa mawimbi ya redio kufuatana na mahali mng'ao wake ulipo, karibu na kiini au kwenye ncha. Je, hizi ni galaksi tofauti? Mwaka 1985 Antonucci na Miller walikuta mistari mipana imejificha ndani ya NGC 1068, galaksi ya aina ya pili. Vumbi linalokizunguka kiini ndilo lililoiziba, kwa sababu tunakitazama kutoka ubavuni. Tofauti nyingi zinatokana na upande tunaotazamia. Tangu hapo darubini zimeongezeka, na mwaka 2019 ikachapishwa picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87.

San Marco halijarusha satelaiti tangu 1988. Inaniuma kwamba watoto wetu wanamjua Armstrong na hawajui Ngomeni. Mwezi Mei mvua zinapokatika, aliye juu ya mlima wowote wa Muyinga anazo Centaurus A upande wa kusini na NGC 4151 upande wa kaskazini usiku uleule, zote zikiwa juu vya kutosha. Ya kwanza huonekana kwa darubini ya mkononi. Huko Massachusetts, ambako kina Giacconi walitengeneza vipokezi vya Uhuru, Centaurus A haiinuki hata digrii sita. Walimu wa fizikia wa Gitega na Muyinga, wapelekeni wanafunzi nje usiku mmoja wa Mei muwaonyeshe, na muwaambie chombo kilichozipima kiliondokea pwani yetu ya Afrika Mashariki.