Sesheni za pamoja katika klasta za seva za Java

Sesheni za pamoja ni utaratibu wa kuhifadhi taarifa za mtumiaji aliyeingia kwenye mfumo wa wavuti mahali ambapo seva zote za klasta, yaani kundi la seva zinazohudumu kama moja, zinaweza kuzisoma, ili seva moja ikizimika nyingine impokee bila kumdai tena jina na nywila. Afrika Mashariki utaratibu huu unahusu hasa mifumo ya umma iliyoandikwa kwa Java. Mkubwa kati yake ni DHIS2, unaobeba takwimu za afya za Tanzania na Kenya. Mwingine ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006.

Chanzo cha tatizo

Itifaki ya HTTP haikumbuki kitu: kila ombi huja kama la mgeni. Seva ya Java humtambua mtumiaji kwa kuki iitwayo JSESSIONID, yenye namba tu. Habari zenyewe, yaani ni nani, ana ruhusa gani, amefika ukurasa upi, hukaa katika kumbukumbu ya seva iliyompokea. Tomcat, mojawapo ya seva hizo za Java, isipobadilishwa huzifuta baada ya dakika 30 za ukimya. Seva ikianguka, zote hupotea papo hapo, na ombi likipelekwa kwa seva jirani, namba ile haimaanishi chochote.

Dawa ya kwanza, na ya bei nafuu, ni kumfunga mtumiaji kwenye seva moja. Kila Tomcat hupewa jina kupitia jvmRoute, jina hilo hubandikwa mwishoni mwa namba ya sesheni baada ya nukta, na msambaza mzigo aliyewekwa mbele husoma jina hilo na kujua pa kupeleka ombi. Mzigo husambaa vizuri, lakini seva husika ikifa, sesheni ya mtumiaji wake hufa nayo.

Kunakili sesheni ndani ya Tomcat

Dawa ya pili ni seva kunakiliana sesheni. Ili nakala zisafiri, programu lazima itangaze neno distributable katika faili la web.xml, na kila kitu kinachowekwa kwenye sesheni kiwe Serializable, yaani kiweze kugeuzwa kuwa mfuatano wa baiti. Sharti hili la pili ndilo linalowasumbua waandishi wa programu. Kitu kimoja kilichosahauliwa ndani ya sesheni hukwamisha unakili, mara nyingi katika programu iliyofanya kazi miaka kadhaa kwenye seva moja bila kulalamika.

Seva hutafutana kwa multikasti, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa kundi zima, kwa kawaida kupitia anwani 228.0.0.4 na mlango 45564. Kila moja hutuma ishara ya uhai kila nusu sekunde, na isiyosikika kwa sekunde 3 huhesabiwa imeondoka. Mitandao mingi ya seva za kukodi huzuia multikasti, hivyo wasimamizi hulazimika kuorodhesha seva kwa mkono.

Msimamizi wa sesheni ni wa aina mbili. DeltaManager hupeleka kila badiliko kwa seva zote, na nyaraka za Tomcat zenyewe zinaonya kwamba haifai seva zikizidi nne hivi. BackupManager huweka nakala kwa seva moja ya akiba tu. Kwa mpangilio wa kawaida, nakala hutumwa bila kusubiri jibu. Seva ikianguka katikati ya utumaji huo, badiliko la mwisho hupotea. Anayetaka uhakika huchagua kusubiri, na kila ombi huwa zito zaidi.

Ghala la nje

Dawa ya tatu ni kuweka sesheni katika ghala la data lililo nje ya seva za Java. Redis, iliyotolewa mwaka 2009, hutumika sana kwa kazi hii. Sesheni zote hukaa humo, seva za Java zikabaki tupu na kuweza kuzimwa wakati wowote.

DHIS2 na MTUHA

DHIS2 ni tunda la HISP, mtandao wa mifumo ya taarifa za afya ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliufanya mfumo wa taifa zima kupitia intaneti mwaka 2011. Tanzania Bara ilifuata na kufikia mikoa yote mwaka 2013, huku kundi la HISP la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam likishika kazi ya ufundi.

Zahanati zinazojaza kwa kalamu vitabu vya MTUHA, mfumo wa Tanzania wa taarifa za huduma za afya, hupeleka fomu halmashauri, na huko ndiko tarakimu huingizwa kwenye kompyuta. Kazi hii hurundikana mwanzoni mwa mwezi, nchi nzima kwa wakati mmoja. Seva ikitikisika siku hizo, kupoteza sesheni si jambo dogo kwa karani mwenye rundo la fomu mezani.

Nyaraka za DHIS2 zinaelekeza kwamba klasta itumie Redis kwa sesheni, kwa akiba ya data, na kwa kuchagua seva kiongozi. Kiongozi huhitajika kwa sababu kazi za ratiba, kama kuandaa majedwali ya uchambuzi usiku, hazitakiwi kufanywa na seva mbili kwa mpigo. Sesheni ya DHIS2 hudumu saa moja ya ukimya, muda wenye huruma kuliko wa Tomcat.

Mipaka

Redis yenyewe ikiwa moja, tatizo limehamishwa tu. Redis Sentinel hutumika kuipa mrithi. Hifadhidata ya PostgreSQL iliyo nyuma ya DHIS2 nayo inahitaji mpango wake, maana sesheni iliyookolewa haina maana bila data.

Klasta pia haigusi waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Kwa hali kama hiyo kinachosaidia ni uwezo wa ukurasa wa kuingizia data wa DHIS2 kuhifadhi tarakimu ndani ya kivinjari hadi mtandao urudi. Sesheni ikiwa imekwisha muda kufikia hapo, karani ataingia upya, kisha tarakimu zake zitapakiwa.