Nyumba ya Barnhill, Mwisho wa Njia

Katika kisiwa cha Jura, magharibi ya nchi ya Scotland, iko nyumba nyeupe iitwayo Barnhill. Anayetaka kuifikia huacha barabara nzuri, kisha hufuata njia ya mawe na matope, kilometa 6 hivi. Duka liko mbali sana, kiasi cha kilometa 40. Katika kisiwa hicho paa ni wengi kuliko watu. Kwa miaka mingi wenye nyumba wameikodisha kwa wageni wapendao kimya. Mgeni hujiletea chakula chake na kujipikia mwenyewe. Hakuna wa kumtumikia.

Lakini, wasomaji wapenzi, kuta za nyumba hiyo zimeona mambo mengi.

Mwezi wa tano 1946 alifika huko mwandishi Mwingereza, Eric Blair, ajulikanaye kwa jina la George Orwell. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mkewe, akabaki na mtoto mdogo ambaye walikuwa wamemtwaa wamlee. Dada yake alikuja kumsaidia. Umeme hapakuwa, wala simu. Usiku waliwasha taa za mafuta ya taa. Orwell alilima mboga, alivua samaki, na chumbani juu aliandika kitabu.

Mwezi wa nane 1947 alichukua mashua pamoja na mtoto na jamaa wawili. Kaskazini ya Jura ni mlango wa bahari uitwao Corryvreckan, ambapo maji huzunguka kwa nguvu kama uji unaokorogwa chunguni. Orwell alikosea saa ya kupwa na kujaa. Mashini ya mashua iling’oka, ikazama. Walipiga makasia hadi mwambani, na hapo mashua ikapinduka. Mtoto alinaswa chini yake, naye Orwell akamtoa. Wakakaa juu ya mwamba, wamelowa, hata wavuvi wakawaona na kuwaokoa.

Adui mwingine alikuwa ndani ya kifua chake. Mwisho wa mwaka ule alipelekwa hospitali karibu na Glasgow: kifua kikuu. Dawa mpya, streptomisini, ililetwa kutoka Marekani. Ikamsaidia kwanza, kisha mwili wake ukaikataa. Ngozi na kucha zikaharibika, wakaacha kumpa.

Mwezi wa saba 1948 alirudi Barnhill. Kitabu kilihitaji kupigwa upya kwa mashini, lakini hakupatikana mwandishi wa kukubali kusafiri mpaka kule. Basi alikipiga mwenyewe, mara nyingi kitandani, huku homa inampanda. Akamaliza mwezi wa kumi na mbili. Mwezi uliofuata akatoka Jura, asirudi tena.

Kitabu hicho, Nineteen Eighty-Four, kilitoka tarehe 8 Juni 1949. Kinaonya juu ya serikali inayotaka kutawala hata mawazo ya mtu. Mwandishi wake alikufa London tarehe 21 Januari 1950, na umri wa miaka 46.

Je, alifanya vema? Wengine husema alijiua kwa kazi. Mtoto aliyemwokoa majini alibaki yatima tena kabla hajatimiza miaka sita. Wengine husema neno lile lilipaswa kusemwa. Mimi sioni kwamba upande mmoja unafuta mwingine. Kazi njema ina bei yake, na mara nyingi anayeilipa si mfanyakazi peke yake. Tukisifu kitabu, tumkumbuke na mtoto.